Jalala Lililofagiwa

Barua ya wananchi ilikaa manispaa miezi minane, na jibu lake halikuja kwa barua. Lilikuja kwa mdomo, kwenye korido, Mama Deki akiwa amepiga magoti anasugua doa la wino sakafuni.

"Kumbe na wewe unakaa kule?" Bwana Afya alimuuliza akiwa amesimama juu yake, karatasi mkononi. "Nimeliona jina lako humu. La tatu kutoka juu."

"Ndiko nyumbani, bosi."

"Kule kule jalalani?"

"Jalala liko nyuma, bosi. Sisi tuko mbele kidogo."

Bwana Afya akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alikuwa mtu mwepesi wa kucheka tu. "Mnasikia nyinyi?" akawaambia makarani wawili waliokuwa wakipita. "Mfagizi wetu huyu, anayetugombeza tukikanyaga sakafu mbichi, kumbe kwake ni jalalani!" Makarani wakacheka. Mama Deki naye akacheka, maana mtu wa chini akichekwa na wakubwa halafu akanuna, wanasema ana kiburi.

"Haya, Alhamisi saa nne tunakuja, kamati nzima na Diwani," Bwana Afya akasema. "Tutaanzia kwako. Utatupa hata chai?"

"Karibuni sana, bosi."

Uso ulikuwa unamwaka. Mtu akitaka kujua mambo yaliharibika lini, basi yaliharibika hapo, kwenye korido, mama wa watu akiendelea kusugua doa ambalo lilikuwa limekwisha kutoka zamani.

Jina la Mama Deki alipewa na mtaa kwa ajili ya kazi yake ya kupiga deki ofisini, naye hakulichukia. Mumewe alikuwa fundi saa, na watu wote walimwita Fundi, kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyobanwa dirishani, lenzi yake nyeusi imekaa jichoni na kibanio mkononi. Kwa miaka ishirini na sita mkono ule haukuwahi kutetemeka. Kisha manispaa wakafungua jalala nyuma ya nyumba zao, "kwa muda," walisema, na lile jalala likashika moto chini kwa chini, moto usioonekana, unaotoa moshi tu mchana na usiku kwa mwaka wa pili sasa.

Moshi ulimwingia Fundi kifuani. Skrubu ya saa ya mkononi ni ndogo kuliko punje ya ufuta, na kikohozi hakibishi hodi. Kikimjia akiwa ameikamata, skrubu inaruka, kisha yeye na binti yao wanatambaa sakafuni na kipande cha sumaku kuitafuta. Wateja wakaanza kupungua. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba daktari wa zahanati alikuwa amekwisha kusema wazi: ama moshi ule uondoke, ama mzee huyu aondoke, la sivyo kifua hakitastahimili.

Na wataondoka waende wapi? Nyumba ile waliijenga wenyewe, chumba kimoja kwa miaka minne, cha pili kwa miaka mitano. Nani angenunua nyumba inayofukizwa moshi wa taka? Ndiyo maana Mwalimu mstaafu wa jirani alipoandika ile barua ya kuomba jalala lihamishwe, Mama Deki alikuwa mtu wa tatu kusaini. Wakafika watu mia moja na kumi na wawili.

*

"Alhamisi wanakuja," alisema alipofika nyumbani, hata kabla ya kuvua viatu.

Fundi aliondoa lenzi jichoni. "Kweli, mama?"

"Bwana Afya mwenyewe kaniambia. Anakuja na Diwani. Wataanzia hapa kwetu."

"Alhamdu..." Kikohozi kikamkatiza. Kilimshika, kikamkunja, kikamwachia. Akafuta macho. "Basi wakilihamisha, nitafufuka. We utaona."

Binti yao, msusi, alikuwa mlangoni anachana nywele za bandia. Alimwangalia mama yake akiingia jikoni na kutoka na fagio. "Sasa fagio la nini, mama?"

"Unataka wakute hivi? Mwanangu, wale ni watu ambao kila asubuhi mimi ndiye nafuta meza zao. Wakija hapa wakanyage nepi za watu na matumbo ya samaki, halafu kesho yake waninywee chai yangu kule ofisini?"

"Lakini tumewaita waone uchafu, mama. Hatukuwaita harusini."

"Uchafu wataukuta tu. Jalala lote lile utalificha wapi? Mimi nasema tupunguze aibu."

Kupunguza aibu. Maneno hayo mawili yalikwenda nyumba kwa nyumba jioni ile, na hakuna mwanamke aliyeyapinga, kwa sababu kila mmoja alikuwa na aibu yake. Mmoja alikuwa na wakwe wasiokubali kulala kwake. Mwingine, bintiye alichumbiwa, wachumba wakaja, wakavuta pumzi, wakaaga mapema. Hata Mwalimu, aliyekuwa na akili ya kutosha kwa mtaa mzima, alisita kidogo tu.

"Si tungeacha mambo yalivyo?" aliuliza.

"Mwalimu, na wewe? Diwani akanyage funza?"

Mwalimu akajikuna kidevu. "Ni kweli, heshima ni muhimu. Hata sisi, wakaguzi wakija shuleni, tulikuwa tunapaka chokaa." Na akaenda kutafuta chokaa.

Jumatano Mama Deki aliomba ruhusa kazini, akauongoza mtaa kama alivyozoea kuongoza ndoo na matambara. Hakuwa mtu wa makelele. Alionyesha kwa kidole: hapa, pale, tena. Wanaume walisukuma taka kwa makoleo mpaka upande wa pili wa shimo, wakazifunika kwa udongo wa toroli. Seremala wa kona alitoa magunia sita ya vumbi la mbao la kufyonza majimaji ya taka. Ule moto wa chini kwa chini ndio uliowatoa jasho. Kila wakidhani umekufa, unatoa ulimi mahali pengine. Waliumwagia maji ndoo kwa ndoo tangu saa nne mpaka alasiri, na hatimaye ukafa. Binti yake alikuja mwisho, amejifunga kitambaa puani. Hakuja kwa kukubali. Alimwonea huruma mama yake mgongo.

Jioni, Fundi alisimama mlango wa nyuma, mikono kiunoni.

"Mama, hebu njoo. Unasikia harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Harufu ya nini?"

Hapakuwa na harufu yoyote. Palikuwa na chokaa, udongo uliolowa, na mistari ya fagio aliyoipiga yeye mwenyewe, imenyooka mpaka ukingoni. Wakasimama pale wawili wakivuta hewa bure. Mama Deki alifurahi. Lazima tuseme ukweli, alifurahi sana siku ile, na furaha ile ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko kitu kingine chochote.

*

Walikuja saa tano kasoro: Diwani, Bwana Afya, na karani wa kike mwenye daftari. Viatu vya Diwani vilikuwa vyeupe.

"Jalala lenyewe liko wapi?" Diwani aliuliza.

"Ndilo hili, mheshimiwa," Mwalimu akasema.

"Hili?"

"Ndilo, mheshimiwa."

Diwani alitazama chokaa, akatazama mistari ya fagio. "Mimi nilidhani ni kiwanja cha mpira. Na huo moshi?"

"Moshi ulikuwepo mpaka jana, mheshimiwa."

"Leo umekwenda wapi?"

Mwalimu alikuwa ameandika barua nzuri ya kurasa tatu, lakini barua haikatizwi katikati ya sentensi. "Tumeuzima," akasema.

"Nani kauzima?"

"Sisi wananchi. Kwa ndoo."

"Basi hongereni sana!" Diwani akapiga makofi, na watu, kwa mazoea, nao wakapiga makofi. "Huu ndio uzalendo tunaousema kila siku. Karani, andika hiyo." Karani akaandika.

Binti msusi alijipenyeza mbele. "Mheshimiwa, hapo ni juu juu tu. Chimbua kidogo hapo ulipo, kwa mguu tu, utaona kilichopo chini."

Diwani akaangalia viatu vyake. Bwana Afya naye alimwangalia Diwani. Hata leo hakuna anayejua kama mmoja wao angeinua mguu, kwa sababu Mama Deki aliwahi kabla yao.

"We mtoto! Unamtuma mgeni achimbue takataka?" Akamgeukia Diwani. "Msamehe, mheshimiwa, vijana wa siku hizi. Karibuni ndani, chai iko tayari."

Binti alimtazama mama yake. Aligeuka akaenda zake, na watu wakampisha.

Ndani, wageni walikalishwa kwenye makochi yaliyotandikwa vitambaa vilivyopigwa pasi. Fundi alikuwa amekaa mezani kwake, shati jeupe, kola imefungwa mpaka juu. Bwana Afya alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasifu chai, kisha akafunua nakala ya barua.

"Mgonjwa aliyetajwa humu ni yupi?"

"Ndiye huyu, mume wangu," akasema Mama Deki.

"Oh, pole sana, mzee. Tunaambiwa kifua kinakusumbua."

"Kinasumbua, bosi. Ila leo hatujambo, tunashukuru."

Jibu lenyewe ni la adabu. Mtu akiulizwa hali na mgeni, atajibu nini? Karani akaandika.

"Na kazi unaweza?" Bwana Afya akavua saa yake ya mkononi. "Kwa mfano hii, inasimama kila ikifika saa sita. Nimeihangaikia mji mzima."

Fundi aliipokea kwa heshima, akavaa lenzi, akafungua mgongo wa saa. Mama Deki alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, chupa ya chai kifuani, akaangalia kibanio kikishuka. Miaka miwili alikuwa amekichukia kikohozi kile. Kilimkatiza usingizi, kilimkatiza sala, alikuwa akikisikia hata pale ambapo hakipo. Sasa alikiomba kije. Kohoa, baba, alisema moyoni. Kohoa hata kidogo tu, wakusikie.

Fundi aliinama sana, uso karibu kugusa meza. Mishipa ya shingo ilimtoka na jicho lililokuwa wazi likalengwa na machozi, lakini fundi yeyote akishughulika na kitu kidogo huwa hivyo. Mara moja alisimama kidogo akanywa chai. Mkono haukutetemeka. Baada ya dakika kumi alifunga saa, akaisikiliza sikioni, akairudisha.

"Kulikuwa na uchafu kwenye gurudumu moja, bosi. Sasa itakwenda."

"Mikono ya mgonjwa hiyo?" Diwani akacheka. "Mzee, wewe utatuzika sote!"

Bwana Afya alitia mkono mfukoni. Fundi akakataa. "Hapana, bosi. Nyinyi ni wageni wetu."

Walipoondoka, Mama Deki aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Bwana Afya alimshika bega. "Dada, sikutegemea. Kwako ni safi kuliko ofisini kwetu." Na Mungu amsamehe, maneno yale alirudi nayo nyumbani akiyarudiarudia.

*

Kikao cha madiwani kilikaa wiki ya tatu. Mama Deki hakuwa na ruhusa ya kuingia ukumbini wakati wa kikao, lakini siku hiyo diwani mmoja alimwaga mtungi wa maji, karatasi zikalowa, akaitwa haraka na tambara. Akawa chini ya meza, kati ya miguu ya wakubwa, Bwana Afya alipoanza kusoma.

Kamati ilitembelea eneo. Kamati haikuona moshi wala kusikia harufu. Mgonjwa aliyetajwa kwenye barua alikutwa akiendelea vizuri na kazi zake na, kwa maneno yake mwenyewe, hajambo. Wakazi wameonyesha uwezo mkubwa wa kulitunza eneo bila gharama kwa manispaa. Kwa hiyo kamati inapendekeza jalala libaki lilipo, na taka za soko kuu zipelekwe huko huko mpaka hapo patakapopatikana mahali pengine.

"Wanaoafiki?"

Alisikia viti vikilia na mikono ikipanda. Alitoka chini ya meza akiwa bado amepiga magoti, tambara linamdondoshea maji mapajani.

"Waheshimiwa," akasema.

Mwenyekiti alimtazama kwa juu ya miwani. Alikuwa mtu mpole. "Inatosha, mama, pamekauka. Asante."

Na yeye akanyanyuka, akachukua ndoo yake, akatoka kinyumenyume, asiwape mgongo.

Alimngoja Bwana Afya kwenye korido. "Bosi, mlichokiona siku ile si chenyewe. Tulisafisha. Tulisafisha kwa ajili yenu."

Bwana Afya alishangaa kweli. "Kwa nini sasa, dada? Si mlituita wenyewe tuje tuone?"

Angemjibu nini? Amwambie ni kwa sababu ya kile kicheko chako? Mtu mwenyewe wala hakukumbuka kama alicheka. "Adabu tu, bosi," akasema.

"Dah." Bwana Afya akatikisa kichwa, na huzuni yake haikuwa ya uongo. "Mimi naandika ninachokiona. Sasa andikeni barua nyingine."

"Ile ya kwanza ilikaa miezi minane."

"Hii mtaiwahisha. Njia si mnaijua?"

*

Malori ya soko yalianza Jumatatu. Kufika Ijumaa hapakuwa tena na alama ya chokaa, na wiki iliyofuata moto ulirudi. Safari hii ulikuta maboksi, majani ya mboga, plastiki, na magunia sita ya vumbi la mbao yanausubiri.

Mtaa ulihitaji mtu wa kumlaumu, ukampata. Wanawake walioshika mafagio wao wenyewe, waliobishana nani achote maji kwanza, sasa walinyamaza Mama Deki akipita bombani. "Mwenye mabosi wake huyo," mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika. Mama Deki alijaza ndoo yake. Aliona wana haki, ingawa hawakuwa na haki yote. Mwalimu aliandika barua ya pili. Waliosaini walikuwa thelathini na moja.

Fundi alilazwa hospitali siku nne. Alitoka na bomba la kuvutia dawa na amri ya daktari: asilale tena kwenye nyumba ile. Ana dada yake, mji wa mbali, safari ya siku nzima, kwenye vilima. Ataishi huko. Binti atakwenda naye amhudumie, asuke huko huko akipata wateja. Mama Deki atabaki, kwa sababu dawa zinanunuliwa kwa mshahara wa deki, na nyumba haina mnunuzi, na mtu hawezi kukiacha alichokijenga miaka tisa kiote moshi peke yake.

"Itakuwa kwa muda tu," Fundi alisema.

"Ndiyo," mkewe akajibu. "Kwa muda tu." Wote wawili walikumbuka ni nani mwingine aliyewahi kuwaambia hivyo, na hawakutazamana.

Jumamosi asubuhi Mama Deki alimsindikiza mumewe kituoni. Binti alikwenda kupanga mizigo kwenye buti la basi. Tangu siku ile ya wageni alikuwa akimjibu mama yake vizuri, kwa ufupi, na hilo liliuma kuliko kama angemgombeza. Wazee wakakaa kwenye benchi. Walikuwa wameoana miaka ishirini na nane, na hawakuwahi kulala mbalimbali isipokuwa usiku mke alipojifungua na zile siku nne za hospitali.

Mama Deki aliona kwamba asiposema sasa, hatasema.

"Nina neno la kukuungamia," akasema. "Siku ile uliposhika saa ya Bwana Afya, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nakuombea ukohoe. Nilitaka kikushike mpaka udondoshe kila kitu. Mke gani anamwombea mumewe hivyo?"

Fundi alivuta pumzi zake fupi fupi.

"Kilikuja," akasema.

"Nini?"

"Kikohozi. Kilikuja mara tatu. Nilikibana, nikadhani kifua kitapasuka. Kile cha tatu nilikimeza na chai."

"Ulikibana? Kwa nini, baba?"

"Si wakubwa zako wale?" Fundi alisema, akishangaa kwamba kuna swali. "Na ulikuwa umefagia siku nzima. Niliwaza, nikiwakoholea pale wageni, makamasi mpaka kwenye shati, nitakuaibisha."

Dereva akapiga honi. Binti akaja, akamshika baba yake mkono, akampandisha ngazi moja moja. Juu ya ngazi ya mwisho alisimama akakohoa, muda mrefu, ameushika mlango, na abiria waliokuwa nyuma wakangoja. Kisha akaingia. Dirishani alimpungia mkewe, mkewe akampungia, na basi likaondoka.

Mama Deki alirudi kwenye benchi. Alianza kulia polepole, halafu akalia kwa sauti, kitenge kimemteleza begani na kamasi zinamtoka, saa tatu ya asubuhi katikati ya kituo. Muuza maji alisimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia, "Jifute, dada, watu wanakutazama." Hakujifuta, akawaacha wamtazame.